Injini Inayogonga Alhamisi

Isome yote ndipo umtumie mwenzako, maana wapo watakaoishia katikati wakadhani hii ni habari ya magari.

Mjini Mbeya aliishi mjane mmoja, Tusekile, mfanyabiashara wa viazi. Marehemu mumewe alipenda magari ya mbio kuliko usingizi. Alimwachia gari dogo jekundu la turbo, ambalo alikuwa ameliongezea nguvu kwa mikono yake mwenyewe hadi likawa linapanda mlima kana kwamba linateremka. Tusekile akang'oa viti vya nyuma, akawa analipeleka milima ya Uporoto kufuata viazi.

Jambo hilo lilimchoma shemeji yake, Ambakisye. "Kaka hakutengeneza gari la mbio ili libebe viazi," alisema kila alipopata msikilizaji. Gari alilitaka yeye. Alichokosa ni sababu tu.

Sababu ikajileta. Pampu ya mafuta ilikufa, Tusekile akalipeleka gari kwa fundi wa turbo anayesifiwa kuliko wote mjini, jina lake Sikujua. Ndilo jina alilopewa na wazazi wake, ingawa tangu aanze ufundi hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka kwa maana yake. Akafunga pampu mpya, yenye nguvu zaidi.

Baada ya hapo gari likaanza kugonga. Likiwa mlimani, mguu ukikandamiza mafuta, injini ilisikika ka-ka-ka, kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria yenye mfuniko. Mafundi wa pale husema injini inabisha hodi. Usipoisikia, siku moja pistoni inatoboka, na hapo unabaki na chuma chakavu.

Tusekile alirudi gereji mara kadhaa. Kila mara fundi alilijaribu gari mlimani, nalo likapanda kimya.

"Mama, gari zima hili," fundi alisema.

"Si zima, fundi. Linagonga Alhamisi."

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Alhamisi!" fundi akasema, akijifuta machozi. "Kwa hiyo injini yako ina kalenda? Na Jumapili inakwenda kanisani?"

Tusekile aliwaka. Hakusema Alhamisi ndiyo inayolifanya gari ligonge. Alisema analisikia siku hiyo, na yeye ndiye anayekaa nalo kutwa. Hata asiyejua kushika spana angeuliza, "Alhamisi kuna nini?" Hakuna aliyeuliza. Hivi jamani, kuuliza kunaumiza?

"Nikwambie ukweli," fundi akaendelea. "Injini inabisha kwa sababu dereva naye anabisha. Mguu wako mzito, gia huzijui. Gari kama hili linataka mwanamume."

Maneno hayo yalimfikia Ambakisye kabla jua halijazama. Akaitisha kikao cha ukoo, nacho kikaamua hivi: fundi alipandishe gari mlimani mbele ya mashahidi. Likipanda kimya mikononi mwake, mwenye kosa ni dereva, na gari lichukuliwe na Ambakisye.

Tusekile hakulia. Alikasirika. Bila gari hana viazi, na bila viazi watoto wake hawasomi. Zaidi ya hayo, alikuwa anaitwa mwongo kwa jambo alilolisikia kwa masikio yake mwenyewe. Alidai kitu kimoja tu, kwamba jaribio lifanyike Alhamisi. Walicheka, wakakubali.

Siku ilipofika walikutana gereji, fundi akiwa na ovaroli iliyopigwa pasi. Ambakisye alikuja na kamba mpya ya ufunguo, ya ngozi, ameshainunua. Shahidi mkubwa alikuwa mama mkwe wa Tusekile, mama mzazi wa Ambakisye.

Fundi akaketi kwenye usukani, akawasha, akaitazama geji ya mafuta.

"Tupitie sheli kwanza," alisema. "Mimi sijaribu gari lenye kiu. Ndiyo desturi ya gereji yangu. Najaza tenki, kisha najaribu."

Tusekile alikuwa amesimama penye mlango wa gari, na maneno hayo yakamwingia kama maji ya baridi. Najaza tenki. Yeye hujaza Jumapili akitoka ibadani. Jumatatu gari kimya, Jumanne kimya. Ikifika Alhamisi mshale wa geji umelala. Na hapa kwa fundi, kila mara, tenki hujazwa kwanza.

"Leo hujazi," alisema.

"Mama, kazi hii mimi..."

"Hujazi! Mmenicheka nikanyamaza. Mmeniita mwongo nikanyamaza. Panda na kiu yake hiyo hiyo!"

"Shemeji, usimfundishe fundi kazi," Ambakisye akadakia.

"Simfundishi kazi. Namwambia apande."

Mama mkwe akafungua mlango wa mbele, akaketi. "Fundi," alisema, "panda."

Wakaondoka. Tusekile na Ambakisye walikaa nyuma, juu ya magunia, Ambakisye akiisikitikia suruali yake. Mwanzo wa mlima gari lilipanda kimya, naye akaanza kutabasamu. Mlima ulipokaza, fundi akakandamiza mafuta, turbo ikavuta pumzi. Ka-ka-ka-ka.

Fundi akainua mguu upesi. Akajaribu tena polepole, kwa gia aliyoichagua mwenyewe. Ka-ka-ka.

"Fundi," mama mkwe akauliza, "na wewe mguu wako mzito?"

Walirudi gereji. Fundi akafungua tenki, akaitoa pampu, wote wakitazama. Pampu mpya ilikuwa fupi kuliko ile ya zamani, naye aliining'iniza vivyo hivyo, mdomo wake ukabaki juu. Tenki likijaa, ilinyonya vizuri. Mafuta yakipungua na gari likiinua pua mlimani, mafuta yalikimbilia nyuma, pampu ikanyonya hewa. Turbo ikasukuma upepo wote ndani ya injini, mafuta yakaja haba, na injini ikagonga. Mkono ulioifunga hivyo ulikuwa wake. Na desturi yake ya kujaza tenki, aliyojisifia mji mzima, ndiyo iliyomficha ugonjwa kila alipoutafuta.

Ambakisye akaanza kuirudisha kamba ya ufunguo mfukoni.

"Lete hiyo," mama mkwe akasema. Akaipokea, akamkabidhi Tusekile.

Tusekile hakuwa amepoa. "Nilikwambia Alhamisi," alimwambia fundi. "Ukapata muda wa kunicheka. Muda wa kuniuliza Alhamisi kuna nini, ulikosa?"

Fundi aliitazama pampu mkononi mwake, kisha akatazama chini.

"Sikujua," alisema.

Mteja mgeni aliyekuwa akingoja uani akadhani anajitambulisha.

Funzo: Si kila anayebisha anashindana nawe. Mwingine anabisha hodi, ana habari ya nyumba yako; mfungulie umwulize kabla hujamcheka.