Koti Lililotoka Kwenye Kitambaa cha Ndoa

Haya, kaeni vizuri. Na wewe hapo mlangoni, ama ingia ama toka. Safari hii hakuna kusinzia, maana mwishoni nina kazi na nyinyi.

Huko Indonesia, kwenye kisiwa kimoja cha milima ya moto, waliishi dada watatu, yatima, waliolelewa na baba yao mkubwa, Kopong. Kewa, wa kwanza, alijua rangi. Peni, wa kati, alijua kufuma. Barek, kitinda mimba, alijua kukata na kushona, na mdomo pia Mungu hakumnyima.

Sasa sikilizeni desturi ya kule. Mwanamume akioa, ukoo wake hutoa pembe za ndovu. Kisiwani ndovu hayupo hata wa dawa! Pembe zililetwa na wafanyabiashara wa zamani, basi zinazunguka tu nyumba kwa nyumba. Ukoo wa mwanamke hujibu kwa kitambaa. Hicho hutoka kwenye mtambo wa kufumia kikiwa duara, kama gunia lisilo na kitako, na hakitiwi mkasi kamwe. Kikikatwa ni nguo tu kama nguo nyingine, hakifungi ndoa.

Baba Mkubwa akapokea pembe kutoka kwa mzee mmoja aliyefiwa na mke, na kila mtu alijua marehemu alivyokuwa akipigwa.

"Mmoja wenu ataenda kwake," akasema. "Nitamtaja siku yenyewe. Tengenezeni kitambaa."

Akatia kufuli langoni. Jamani, hebu fikirieni: kila uzi walioushika ulikuwa wa kumfunga mmoja wao, na hawakujua nani.

Kewa akachemsha mizizi ya rangi nyekundu. Akachovya nyuzi, akaanika, akachovya tena. Moshi ukamkausha kifua.

"Bado tu?" Baba Mkubwa akauliza.

"Rangi haijakolea, Baba. Utaaibika mbele za watu."

Uongo mtupu! Ilikolea zamani. Alikuwa akiwanunulia wenzake muda wa kufikiri, na katika muda huo Barek akapata wazo la kukikata kitambaa kiwe koti.

Peni akajifunga mkanda wa ngozi mgongoni, maana mtambo wa kule humshika mfumaji kiunoni, akiinuka kazi inalegea. Akafuma akiwa amefungwa hivyo mpaka kiuno kikafa ganzi. Barek akamnong'oneza, "Dada, ua likae begani. Hapa mkono, hapa kola." Peni akayahamisha maua yote kutoka pale bibi zao walipoyaweka, na Baba Mkubwa alipopita akaona kitambaa cha ndoa kama vingine.

Barek akashika mkasi. Hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyewahi kuthubutu. Machozi yakamtoka, akakata. Akashona koti la kisasa, lenye kola na mifuko, na wageni walipofika kuchukua kitambaa, akatoka amelivaa.

Weee! Wazee wakabaki midomo wazi. Wakabeba pembe zao, wakaondoka.

Mgeni mmoja hakuondoka. Alikuwa Bi Wulansari, mbunifu wa mavazi kutoka Jakarta, aliyekuja kutazama vitambaa. Akalishika koti lile begani, akaligeuza, akatazama mshono.

"Nani kafanya hili?"

"Sisi," wakajibu wote watatu.

"Nina nafasi ya mtu mmoja kwenye karakana yangu. Mmoja tu, wanangu, sina uwezo zaidi. Meli inaondoka asubuhi."

Baba Mkubwa akacheka kwa hasira. Mkasi alikwisha kuutia mfukoni.

"Mchukue umtakaye. Wawili watakaobaki watatengeneza kitambaa kingine, nami nitakaa hapahapa nikitazama. Kikiisha, mmoja wao anaolewa na mzee yuleyule. Nimeshamwahidi."

"Bila rangi yangu mngekuwa mmeshakwisha," akasema Kewa.

"Na bila mgongo wangu mngekata nini?" akasema Peni.

Na Barek, mwenye mdomo? Alikuwa akilia. Wakashikana mikono, hakuna aliyetaka kuachia, wala hakuna aliyethubutu kusema "nenda wewe".

Bi Wulansari akashindwa kuchagua. Ndipo ninapowaachia nyinyi. Na msiniletee ujanja wa kuvunja lango au kumlewesha Baba Mkubwa, nimeusikia wote. Lango litafunguka mara moja, atapita mmoja.

Kila ninapoisimulia hii, watu hunitajia upesi jina la anayeondoka. Basi mimi naomba majina mawili. Nani apande meli? Na kati ya wale wawili uliowaacha, nani unampeleka kwa yule mzee?

Nakusikiliza.