Viti vya Duka la Elieshi

"Ruhusa ya chupa si ruhusa ya kiti." Mmeisikia asubuhi kwa yule mama aliyewapangisha chumba cha biashara, alipowakuta mnapima kibaraza mpange meza, mkacheka mkidhani anatania walevi. Acheni kucheka. Mmeniuliza imetoka wapi, na mmempata wa kumuuliza, maana ilipozaliwa nilikuwa pale pale nanoa shoka. Na umri huu wote nilionao, hasira ya siku ile haijanitoka.

Ni kule Uchagani, juu kwenye migomba, njia panda iitwayo Kisarika. Enzi hizo nilikuwa natembea na baiskeli yenye jiwe la kunolea, leo mji huu, kesho ule. Nikifika Kisarika nilikuwa natua kwenye kona ya duka la Elieshi, mjane wa marehemu Ndemasi. Mwanamke wa maneno machache. Chai alinipa bila kuuliza.

Elieshi alitaka kuuza bia. Akaenda wilayani mwenyewe, hakutuma mtu. Afisa wa biashara akamweleza kwamba leseni za vileo ni za namna nyingi. Iko ya baa, watu wakae wanywe, lakini hiyo inataka choo cha wanaume na cha wanawake, tena isiwe karibu na shule. Iko ya mgahawa, ambapo kinywaji kinamfuata anayekula. Iko ya kilabu cha pombe ya kienyeji. Na iko ya kuuza chupa tu, mteja akaondoka nayo akanywe kwake.

Duka lake lilitazamana na shule ya msingi, barabara tu katikati. Choo alikuwa nacho kimoja, cha nyumbani, wanachotumia watoto wake. Akachukua leseni ya chupa ya kuondoka nayo. Walimcheka, wakasema kaogopa baa. Hakuogopa. Alichagua sawasawa, na hilo mlishike, kwa sababu wapo wanaosimulia kisa hiki wakasema mwanamke alikosea leseni. Uongo mtupu!

Tegemeo lake lilikuwa Krismasi. Mnajua Wachaga: Desemba ikiingia wanapanda wote nyumbani, kutoka kila mji walikotawanyika, na kila nyumba inataka kreti. Mwezi ule mmoja ndio ungemlisha mwaka. Mbuzi wake aliwauza akanunua friji.

Shida ikaanzia kwenye chupa tupu. Ukitaka kuondoka na bia ya chupa, unakuja na chupa tupu, maana kreti lazima irudi kwa mwenye bia imejaa chupa zake. Siku moja akaja Mzee Kiwia, kaka mkubwa wa baba mkwe wake, mikono mitupu.

"Nipe moja ya moto, mkamwana."

"Umekuja na chupa tupu, baba?"

"Chupa ya nini? Naimaliza hapa hapa mlangoni, chupa yako unabaki nayo. Nani kapata hasara?"

Mkamwana atamjibu nini mzee kama huyo? Akampa. Mzee akanywa amesimama. Safari ya pili akaja na kigoda chake cha miguu mitatu, akasema magoti yanauma. Safari ya tatu Lasway mwenye bucha akaleta benchi, kwa sababu eti haifai mzee akae na watu wazima wamsimamie kama askari. Fundi cherehani akaleta stuli. Haukupita muda pana drafti, pana jiko la mishikaki, pana makelele. Na choo cha wateja hakikuwapo. Basi mnadhani walikuwa wanakojoa wapi? Kwenye ua wa shule! Mchana kweupe, watoto wako darasani wanawaona dirishani. Watu wazima na mvi zao!

Mwalimu mkuu akalalamika, na ilikuwa haki yake. Afisa akapanda mpaka Kisarika, akamwambia Elieshi, "Mama, nikirudi nikakuta mtu amekaa hapa na chupa, nafunga."

Jioni ile nilimwona akichuchumaa mbele ya Mzee Kiwia, kwa adabu zote.

"Baba, nawaomba mkanywee nyumbani. Chupa tupu nitawaazima mimi mwenyewe."

"Ndemasi alipokufa," mzee akasema, "nani aliwaambia ukoo wewe uachwe kwenye kihamba hiki? Si mimi? Leo unaninyima mahali pa kuweka makalio?"

"Mwache, meku," Lasway akadakia, yaani mzee. "Mjane akipata friji anakuwa mkuu wa wilaya."

Wakacheka mpaka wakapaliwa. Elieshi akainuka, akarudi ndani. Angefanya nini? Shamba la ukoo ndilo alilolalia.

Desemba ilipoingia tu, afisa akarudi na mgambo wawili. Wazee wamejaa kibarazani, chupa mikononi. Mimi niko kwenye kona yangu na shoka la Elieshi juu ya jiwe.

"Viti hivi ni vya nani?" afisa akauliza.

Kila mtu akatazama chupa yake.

"Nauliza kwa faida yenu. Kama mmekuja navyo wenyewe, kosa ni lenu, si la mama huyu. Kila mtu anyanyue chake, twende ofisi ya kata tukaandikishane. Kama ni vya duka, nafunga duka."

Mnaona? Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, "Changu," na Krismasi ya yule mwanamke imepona. Elieshi akamtazama Mzee Kiwia.

Mzee akafuta povu mdomoni. "Ni vya mwenye duka. Sisi wateja, tumekuta viti tumekaa."

"Vya duka kabisa," akasema Lasway, naye amekalia benchi lenye damu ya bucha yake!

"Mwongo wewe!" nikapiga kelele.

"Na wewe wa visu, noa visu," mgambo akanijibu.

Afisa akaingia ndani. Akafunga friji kwa mnyororo na lakiri, akaishusha leseni ukutani. Mpaka bodi ya leseni ikutane, akasema, mwaka mpya. Krismasi ikawa imekwenda hivyo, na wale wazee wakaendelea kumalizia chupa zao.

Elieshi hakulia. Alikuja kwangu akalitwaa shoka, maji ya jiwe bado yanachuruzika.

"Afisa, umesikia. Viti ni vyangu?"

"Ndivyo walivyosema, mama."

"Mtu akipasua kitu chake ana kosa?"

"Hana."

Akamgeukia Lasway. "Toka kwenye benchi langu."

Lasway akatoka mbio mbio, maana shoka lilikuwa limeshanyanyuliwa. Benchi likapasuka. Stuli ya fundi ikafuata. Kimoja baada ya kingine, kuni zikajaa kibarazani, na hakuna aliyethubutu kusema "changu," kwa sababu afisa alikuwa bado amesimama pale anasikiliza. Kikabaki kigoda cha Mzee Kiwia, cha mti wa mringaringa, alichorithi kwa babu yake. Naye alikuwa amekikalia.

"Mkamwana," akasema, sauti imeshuka, "hiki unajua ni cha nani."

"Najua, baba. Ulipoulizwa ndipo wewe hukujua. Simama."

Mkamwana kumwambia mzee wa ukoo "simama"! Hata mgambo aliangalia chini.

"Elieshi, mwanangu..."

"Ruhusa niliyopewa ni ya chupa, baba. Ya kiti sikupewa, na nisichopewa nitakupaje? Simama nipasue."

Akasimama. Elieshi akapasua.

Msinitafutie mwisho mtamu, sina. Krismasi ile Elieshi aliuza ndizi kando ya barabara, magari ya waliorudi nyumbani yakimpita na kreti za kutoka kwingine. Mwaka mpya bodi ikamrudishia leseni, naye akachukua ile ile ya chupa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sahihi tangu mwanzo. Mzee Kiwia hakuomba msamaha mpaka anazikwa. Alichofanya ni kuzunguka ukoo mzima akilalamika kwamba mkamwana kamwambia maneno haya na haya, akayarudia kila nyumba, na hivyo ndivyo yalivyoenea. Leo kule, ukimpa mtu njia ya kupita shambani kwako akaanza kuchanja kuni, utamwambia hivyo. Ukimwazima mtu shamba apande mahindi akapanda kahawa, utamwambia hivyo.

Na ninyi, kabla ya kuleta meza, kasomeni kwanza mmepewa nini. Atakayekuja na kigoda chake, hata akiwa mjomba, hata akiwa mzee wa kanisa, mwambieni angali amesimama. Akishakaa, atakuacha uzame ili yeye asiinuke.

Ruhusa ya chupa si ruhusa ya kiti.