Binti Aliyesimama Ndivani

Mfano huu niliusikia kwa shangazi yangu Namkunda, Jumapili ya Matawi ya mwaka 1991. Kabla ya siku hiyo hakuwa ameusimulia kwa mtu. Aliusimulia kwa sababu mjomba mmoja alikuwa amesema mezani kwamba nyimbo na maigizo ya watoto ni kupoteza Jumamosi. Shangazi alikuwepo mambo haya yalipotokea, na majina aliyataja. Mimi sitayataja, maana wajukuu wa watu hao wamo katika makanisa yetu ya huku.

Kulikuwa na baba mmoja huku milimani, mkulima wa maharage, aliyekuwa na binti wa darasa la sita. Binti huyo aliogopa watu. Mgeni akibisha hodi, yeye yuko nyuma ya mlango. Mwalimu wa shule ya Jumapili akaanzisha darasa la Jumamosi: watoto waimbe, wacheze ngoma, waigize habari za Biblia, wajiandae kwa Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Mama akataka binti aende. Baba akakataa.

"Kuigiza ni nini kama si kusema uongo kwa mbwembwe?" alisema. "Na maharage atapalilia nani?"

"Nitapalilia mimi," mama akamjibu. "Lakini niambie, baba, siku mtoto huyu akija kuposwa, atajibu nani? Mlango?"

Baba akacheka, na akishacheka mtu ameshindwa. Binti akaenda.

Igizo la mwaka ule lilikuwa la mjane na yule hakimu asiyemcha Mungu. Mwalimu akampa binti nafasi ya mjane. Katika mazoezi ya kwanza akamsimamisha. "Unapiga kelele tu," akamwambia. "Huyu mama amechoka. Nenda kwa jirani yenu, ukae naye, umwangalie." Kweli, jirani yao alikuwa mjane. Binti akawa anakwenda kumsaidia kumenya viazi, huku akimwangalia: anavyoinuka ameshika goti, anavyouliza bei ya mbegu kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi.

Siku ya sikukuu binti akasimama mbele ya madhabahu na kusema, "Nipatie haki yangu." Hakupaza sauti, lakini waliokaa benchi la mwisho walimsikia, na akina mama wakatafuta leso. Nje ya kanisa watu walimshika baba mkono. "Sauti ile mlikuwa mmeificha wapi?" Tangu hapo habari ya palizi ikaisha. Wageni wakifika, baba anaita: "Njoo uwaimbie. Njoo uwaghanie lile shairi lako." Alijivuna. Ni nani kati yetu asingejivuna?

Sasa sikilizeni vizuri. Kiangazi kikaingia. Mliozaliwa huku mnaijua ndiva, lile bwawa dogo la mfereji. Linajaa usiku, na asubuhi mwenye zamu anang'oa kizibo, maji yanakwenda shambani kwake. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mjane. Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, na mahindi yakikosa maji wakati huo, hata ukiyanywesha baadaye huvuni kitu. Lakini maharage ya baba nayo yalikuwa yanatoa maua. Alfajiri, kabla hapajapambazuka sawasawa, baba akamwamsha binti amshikie tochi. Akang'oa kizibo, akanywesha maharage yake, akaziba tena. Mjane alipofika na jembe lake begani alikuta tope.

Mjane akalalamika, na watu wa mfereji wakaitana wakutane jioni. Mfereji ule ulikuwa na desturi yake: wakubwa wakibishana, huulizwa mtoto aliyekuwepo penye maji, kwa kuwa mtoto hana shamba. Baba aliijua desturi hiyo. Mchana akamketisha binti jikoni.

"Jioni utaulizwa. Sema ulikwenda kuteka maji alfajiri, ukaona ukingo wa ndiva unavuja."

"Lakini haukuvuja, baba."

"Si umefundishwa kuigiza? Basi igiza."

"Baba, kule kanisani kila mtu anajua kwamba tunaigiza."

"Utasema nilivyokuambia," baba akasema, akachukua kofia yake, akatoka.

Mnaliona kosa lake? Yule mtoto wa zamani, wa nyuma ya mlango, angenyamaza, na kunyamaza kwake kungemwokoa baba. Badala yake baba alikuwa anapeleka ndivani sauti bora kuliko zote za kitongoji kile, akidhani kwamba sauti ile ni mali yake.

Jioni ikafika. Mjane akasema alichokikuta. Baba akasema ukingo unavuja, na binti yake ni shahidi. Mwenyekiti wa mfereji akamwita binti, naye akapanda juu ya ukingo ili aonekane. Shangazi alisema sauti haikumtetemeka.

"Shikamooni, wazee. Baba amenipa maneno ya kusema hapa. Niyaseme hayo, au niseme nilichokiona?"

Watu wakatazamana. "Huyu mtoto ana adabu kweli?" mmoja akanung'unika.

"Amewaamkia, amewauliza," mwenyekiti akasema. "Mjibuni."

Mjane alikuwa ameinamisha kichwa, kama vile kesi ni yake na tayari ameshindwa. Binti akasubiri. Hatimaye akajibu baba mwenyewe. Alivua kofia.

"Sema ulichokiona, mwanangu."

Binti akasema: alfajiri, tochi, kizibo, maharage. Hakuongeza neno, wala hakulia. Zamu ya kesho yake ilikuwa ya baba. Akapewa mjane, na mahindi yakapona. Kurudi nyumbani baba alitembea mbele. Wiki ile wageni walikuja, na binti hakuitwa. Ijumaa jioni mama akauliza kwa tahadhari, "Kesho mtoto aende darasani, au abaki shambani?"

"Nani amekuambia asiende?" baba akasema. "Mwamshe mapema."

Wapendwa, baba yule ni sisi. Sisi pia tunasema tunapenda watoto wajifunze kuimba, kucheza na kuigiza ili wapate ujasiri. Lakini ujasiri tunaoutaka ni wa redio: tuuwashe wageni wakija, tuuzime ukianza kusema tusichopenda. Mtoto si redio. Ukimfundisha kusimama mbele ya watu kwenye sikukuu, umemfundisha kusimama hata siku ambayo wewe ungependa aketi. Je, tuko tayari kwa hilo?

Na wale wanaosema kuigiza ni kufundisha uongo, nawauliza: siku ile ndivani, ni nani aliyeujua uongo kwa sura yake, mkulima mzima au mtoto wa darasa la sita? Binti alijua mahali igizo linapoishia. Tena alikuwa ameubeba uchovu wa mjane katika mwili wake, magotini na kooni, hata asingeweza kuliona shamba la mjane kuwa jambo dogo. Hilo sisi hatukuwafundisha watoto wetu kwa fimbo, wala kwa kukariri. Wanajifunza pale wanapoambiwa: leo wewe ni yule, simama kama yeye, sema kwa ajili yake.

Kwa hiyo msiniulize tena kama darasa la Jumamosi lina faida. Lina faida, na faida yake itatufikia hata sisi wazazi, na siku nyingine itatuuma. Wapelekeni watoto. Wakirudi na sauti, tusijaribu kuwaandikia maneno.

Kwa kumbukumbu: mjane alifariki mwaka 1978, na mwenyekiti wa mfereji muda mfupi baada yake. Baba alifariki 1996, na shangazi Namkunda 2009. Mwalimu wa shule ya Jumapili alihamia Tanga, na habari zake sizijui, basi sitasema. Mama yuko hai, ingawa macho yake hayaoni vizuri. Binti naye yuko hai.