Mlafi Sugu wa Meza Kuu

Meneja wa benki, Bwana Lwitiko, alimwita Bi Mwantumu, mpishi wa pilau za harusi, akamwambia kwamba Jumatatu picha yake itabandikwa mlangoni: MDAIWA SUGU, AMEKATAA KULIPA KWA MAKUSUDI.

"Mvua imeahirisha harusi zote, baba. Hunisikilizi kwanza?"

"Nimeshaamua."

"Kwa sababu gani?"

"Ninazo moyoni. Ndio utaratibu wetu."

"Utaratibu mzuri," alisema Bi Mwantumu, akaenda zake kuchambua mchele.

Jumamosi mvua ilikatika, harusi ya kwanza ikafanyika, na mpishi alikuwa yeye. Lwitiko alikaa meza kuu, ubavuni mwa mkurugenzi wake kutoka makao makuu. Kila mgeni alipata pilau. Sahani ya Lwitiko ilikuja na kipande cha limau.

Akaingia jikoni amefura. "Pilau yangu iko wapi?"

"Umetangazwa mlafi sugu."

"Mimi? Sijala hata punje."

"Nimeshaamua. Sababu ninazo moyoni."

"Huu ni uonevu. Mtu hatangazwi sugu bila kusikilizwa wala kupewa sababu. Hata mtoto anajua."

"Hata mtu wa benki?"

"Hasa mtu wa benki!"

Ukumbini makofi yakalipuka. Bi Mwantumu akafunua khanga begani, akatoa kipaza sauti cha mshehereshaji.

"Mkurugenzi naye amesikia," alisema, huku akimpakulia sinia zima, ukoko juu. "Kula, baba. Jumatatu nakuja unisikilize, na ukiamua uniandikie sababu."

Lwitiko alitaka kubisha, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa.