Vinu Vilivyonyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Nimelima!

Ukavuna!

Nimepika!

Tukala!

Mmekula, na vyombo hamjaosha. Haya, sogeeni. Wewe uliyeanza kusinzia, kaa vizuri.

Hapo kale palikuwa na shamba chini ya kilima. Alilifyeka babu mkuu, akalirithi mwanawe, akalirithi mjukuu. Mjukuu alipofariki likabaki kwa mkewe, Bibi Sikudhani, na mwanawe Kibwana. Walilima mahindi, mahindi, mahindi. Ukiwauliza kwa nini, walikujibu, "Ndivyo walivyolima wazee."

Kilimani lilikaa zimwi. Babu mkuu alipokuwa akifyeka lilimtokea likamwambia, "Ardhi hii yangu. Lima, lakini siku ya mavuno mtwange mahindi mapya, vinu vitatu uani, nisikie nije. Nitakula nusu. Isiponishibisha, nitachukua mtoto."

Babu akakubali. Mvua ilikuwa mlangoni naye hajapanda, na mwenye haraka hasikilizi neno la mwisho.

Basi kila mwaka vinu vililia twi, twi, twi. Zimwi likashuka, "Nusu yangu, au mtoto." Likala, likashiba, likarudi kulala mpaka mavuno mengine. Mvua ilikuwa ya kutosha, na nusu iliyobaki ikawalisha watu. Wakazoea.

Kisha mvua ikabadilika. Mwaka wa kwanza ikachelewa. Mwaka wa pili ikakatika mahindi yakiwa kiunoni. Mwaka wa tatu haikuja ila manyunyu. Zimwi likala nusu yake, likalamba vidole, likamtazama Mashavu, binti wa Kibwana, mtoto wa miaka sita.

Likasema, "Sijashiba. Leo nawasamehe. Mavuno yajayo, nusu yangu, au huyu."

Mama yake Mashavu aliitwa Tausi. Siku ile hakuonja chakula. Kesho yake akaenda kwao, bonde la mbali, akarudi na mzigo wa vijiti kichwani.

Bibi Sikudhani akamuuliza, "Mke wa Kibwana, hivyo ni nini?"

"Mbegu za mihogo, mama. Mihogo haiogopi jua."

"Shamba hili halijapata kupandwa mihogo. Mihogo ni chakula cha njaa."

"Na sisi tuna nini, mama?"

Bibi hakupenda kujibiwa, lakini akashika jembe. Wakapanda. Mvua ikaja kidogo, ikaenda zake. Mihogo haikujali.

Siku moja Kibwana akavitoa vinu ndani, akaviweka uani. Akasema, "Mihogo imekomaa. Tuing'oe yote, tutwange, tuliite zimwi. Tusipoliita tumevunja ahadi ya babu."

Ndivyo alivyokuwa Kibwana. Angemwita simba aje, mradi baba yake alimwita.

Tausi akamwambia, "Mume wangu, kwetu mihogo haina siku ya mavuno. Leo unachimba shina la leo. Kesho unachimba la kesho. Mengine yanakaa ardhini, ndiko ghalani kwake."

Basi vinu vikarudishwa ndani. Leo wakachimba shina, wakachemsha, wakala. Kesho shina. Keshokutwa shina.

Huko kilimani zimwi lilitega sikio. Vinu kimya. Mwisho njaa ikaliinua. Siku moja, jua la utosi, likashuka na ardhi ikatikisika. Kibwana na Tausi walikuwa wamekwenda kuteka maji. Uani alikuwapo Bibi Sikudhani, na Mashavu akajificha nyuma ya kanga yake.

"Nusu yangu, au mtoto!"

 Bibi aliogopa, msiseme hakuogopa. Lakini akasema, "Karibu. Umesikia vinu?"

"Sikusikia."

"Ghala umeliona?"

Zimwi likachungulia. Mna buibui tu.

"Na shamba je, limevunwa?"

Likatazama. Mihogo imesimama, majani yametanda. "Halijavunwa."

"Basi umefuata nini? Ahadi yako na mzee wetu ni siku ya mavuno. Sisi tumeishika miaka yote. Leo uje kuivunja wewe?"

Zimwi likaona haya. Mazimwi ya zamani yalitimiza ahadi, si kama watu fulani ninaowajua.

Likauliza, "Kwa hiyo nikalale?"

"Kalale. Vinu vikilia utasikia."

Likapanda kilima, likalala. Mpaka leo linangoja.

Bibi akakaa chini palepale mavumbini. Akacheka, akalia, akacheka tena. Akampapasa Mashavu kichwa, mikono, miguu, aone kama yupo mzima. Tausi aliporudi na ndoo akawakuta hivyo.

"Mama, kuna nini?"

"Zimwi limekuja, limeondoka. Roho yangu imetua. Chimba shina jingine, mwanangu, nina njaa."

Tangu aolewe, Tausi alikuwa hajaitwa mwanangu na mama mkwe. Akatua ndoo, akachukua jembe, akaenda kuchimba.

Hadithi yangu imeishia hapo, na zimwi msiliamshe. Ukiambiwa ndivyo walivyolima wazee, uliza kwanza mvua yao ilikuwaje.