Sungura na Vyungu Visivyo na Alama

Palikuwa na Sungura, na Sungura alikuwa na akili, na akili hizo ndizo zilizomponza mwaka ule wa ukame mkubwa.

Jua lilikuwa limeunguza bonde zima. Wanyama waliogopa kwamba njaa ingewafanya wale hata mbegu zao, na mvua ikirudi wakose cha kupanda. Wakakubaliana kila mmoja afungie mbegu zake kwenye chungu, na vyungu vyote viwekwe pamoja katika pango la mlimani. Hata Simba alipeleka chungu cha mbegu za maboga, ingawa hajawahi kula boga maishani mwake. Mfalme hakubali kukosa kitu ambacho raia wake wanacho.

Fisi alijitolea kuwa mlinzi wa ghala. Wote wakajifanya hawakumsikia. Akachaguliwa Sungura, kwa sababu ya zile akili.

Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba vyungu vyote viwe vya udongo mmoja na ukubwa mmoja, wala kisiwepo hata kimoja chenye alama. Alama, aliwaeleza, ni kumwonyesha mwizi njia. Wakamsifu kwa busara. Hawakujua hesabu aliyokuwa ameipiga kichwani. Chungu kisicho na alama hakijulikani mpaka kifunguliwe, na kwa kuwa pangoni mlikuwa na giza, mfunguaji hana budi kuonja. Kila chungu, konzi moja. Akitumwa uwele wa mtu mmoja, Sungura aliweza kuonja nusu ya ghala kabla hajaupata, na tumbo likanenepa katikati ya ukame.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, maombi yalimiminika. Kobe ndiye aliyekuwa mchukuzi, maana hajawahi kuangusha kitu. Alingoja mlangoni mwa pango, akipewa chungu anateremka nacho bondeni. Mvua ya kwanza ikanyesha, ikapita, na vyungu vilikuwa vinatoka kimoja kimoja kwa kusuasua. Mama Swala, aliyeomba uwele wake tangu mawingu ya mwanzo, akaenda kwa Simba akiwa na uchungu.

"Mfalme, udongo ukikauka kabla sijapanda, wanangu watakula nini?"

Simba akamwita Sungura na kumwamuru amtafute anayechelewesha mbegu. Akiwa mpole kama wafalme wanavyokuwa wakati wa njaa, aliongeza kwamba asipompata, yeye Simba atakula sungura siku hiyo.

Sungura aliifurahia kazi hiyo. Ni nani anayeweza kuchunguza kosa vizuri kuliko mwenye kosa? Akaanza na mlango wa pango, akasema ni mwembamba. Wanyama wakachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, na vyungu vikaendelea kuchelewa. Akamgeukia Fisi, ambaye kila siku alikuja kudai aletewe vyungu vyote nje ili achague mwenyewe kilicho chake. Fisi akafukuzwa, na vyungu vikaendelea kuchelewa. Akaamuru njia ifagiliwe mawe. Ikang'aa, lakini mbegu hazikupita. Akabaki Kobe, na hapo kila mtu akatikisa kichwa kama aliyejua tangu mwanzo.

"Kwamba miguu yangu ni mizito, sikatai," alisema Kobe. "Lakini kutwa nzima nashinda nimekaa mlangoni nikisubiri."

Maneno hayo yalimchoma Sungura. Kabla hajatokea wa kuyafikiria, akadakia na kuomba apewe kazi ya Kobe kwa safari moja. Mama Swala abandike maji ya mlenda, na yeye atarudi na chungu cha Mfalme kabla hayajachemka.

Alikuwa na hakika. Chungu cha Mfalme alikiweka kwa mkono wake, ndani kabisa, juu ya jiwe. Akatimua vumbi mlimani, akapita mlango mpana, akafika kwenye jiwe, akafunua. Akaonja. Mtama.

Ndipo alipokumbuka kwamba siku zote hizo, kinywa kikiwa kimejaa, alikuwa akirudisha vyungu popote mkono ulipoangukia. Akarudi mlangoni na kuanza chungu cha kwanza, kama kawaida. Mbegu za maboga zinajulikana hata kwa kupapasa, lakini mkono ulishazoea njia ya kinywani. Akafungua, akatafuna, akapaliwa, akafungua kingine. "Masikio marefu yote haya," alijisemea, "na katikati yake hamna kitu."

Aliporudi bondeni na chungu cha Mfalme, mlenda ulikuwa umeiva, umeliwa, na chungu chake kimeoshwa.

"Pole na safari, Bwana Sungura," alisema Kobe. "Njia ilikuwa mbaya?"

Simba alimtazama. Ufuta ulikuwa umenasa kwenye sharubu za Sungura, na shavu moja lilikuwa limevimba kwa mahindi. "Miguu ni mepesi, mlango ni mpana, Fisi hayupo," alisema. "Je, umempata anayetuchelewesha?"

Sungura alikuwa na uongo mzuri tayari, lakini haukuwa na pa kupitia. Akameza kwanza. "Nimempata, Mfalme. Naona haya kumtaja, maana nalala naye na kuamka naye tangu nizaliwe."

Wanyama wakacheka, na Simba naye, akiwa hakupanga, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwokoa Sungura. Akaeleza yote bila kuficha, kwa aibu, masikio yakiwa yameanguka.

Vyungu vikatolewa juani, vikafunguliwa, kila mmoja akatambua mbegu zake. Kila mwenye chake akachora alama: Swala pembe, Tembo unyayo. Mtama ukawekwa upande mmoja, uwele upande mwingine, na alama zilezile zikachorwa kwenye ukuta wa mlangoni, kila moja ikionyesha upande wake. Uwele wa Mama Swala ulimfikia udongo ukiwa bado na unyevu, akapanda huku machozi yanamtoka. Kobe akaanza kulalamika kwamba hapati tena muda wa kukaa.

Kilibaki chungu kimoja ambacho hakikudaiwa na mtu. Siku zote kilikuwa kimekaa pale pale mlangoni, msako wa Sungura ulipoanzia kila mara, na kwa hiyo kila mara kilionjwa. Ndani hamkuwa na punje, ila harufu ya kunde tu. Mnyama aliyeweka kunde alikuwa mmoja.

Sungura alikiinamia kwa muda mrefu. Alitaka kulia, na mvua ilikuwa inaanza tena.

"Na mzigo wako, Bwana Sungura, nikupelekee wapi?" aliuliza Kobe.

"Pumzika, Mzee Kobe," alijibu Sungura, akijishika tumbo. "Wangu nimeshaubeba mwenyewe."