Bonde la Bi Umazi

Sogeeni, jamani, niwape kisa cha Bi Umazi.

Alikuwa mjane wa huko bara ya Kinango, kwenye nchi kavu, mwenye watoto watatu. Mwanawe Mwero alikuwa na mkono wa kulima: alichopanda kiliota. Dzame, binti pekee, alikuwa na ulimi wa kuonja. Hakuna ladha iliyompita. Ngome, kitinda mimba, alikuwa na moyo mgumu wa subira.

Mwaka mmoja mvua ziligoma, kisima kikakauka. Bi Umazi akaanguka kwa jua na kiu, midomo imepasuka, hata mate ya kumeza hana. Alijua anakufa.

Mwero ndiye aliyekuwa na matango. Wenzake walipoyaacha mashamba, yeye, kisima kilipokuwa bado hakijakauka, aliigawia miche yake katika bonde la mama maji yake mwenyewe ya kunywa, hadi ikazaa. Akaja na kikapu. "Kula, Mama. Tango ni maji matupu."

Dzame akamshika mkono. "Ngoja, kaka!" Ukame huyafanya matango mengine kuwa machungu, na uchungu ule hudhuru tumbo. Akaonja moja baada ya jingine, machungu akayatupa, mazuri akamwekea mama. Alipofika mwisho alikuwa amejikunja chini, anatapika.

Kipande cha kwanza kilipomshuka kooni na ubaridi wake, Bi Umazi akayataka yote. Ngome akamnyima.

"Nipe! Unaniua, mwanangu!"

"Tumbo lako ni tupu, Mama. Ukiyabugia litajaa gesi, utayatapika yote."

Akamlisha kidogo kidogo. Mama alimlaani, yeye akaendelea kumpa kipande baada ya kipande. Jua lilipopoa, Bi Umazi aliweza kuketi.

Mvua ziliporudi, alitaka kutoa shukrani. Alikuwa na kitu kimoja tu, lile bonde, dogo mno kugawanywa. Akawaita wanawe, kila mmoja aseme kwa nini apewe yeye.

"Bila matango yangu, hawa wangeonja nini, wangelisha nini?" aliuliza Mwero.

"Na nisingeonja, ungemlisha sumu kwa mkono wako," alisema Dzame, ambaye tumbo lake lilikuwa halijatulia tangu siku ile.

Ngome aliinamisha kichwa. "Mimi nililaaniwa na mama yangu mzazi. Sijui kama hilo nalo linahesabiwa."

Bi Umazi aliwatazama, machozi yakamlengalenga. Kila alipotaka kutaja jina moja, aliziona nyuso mbili atakazoziumiza.

Bonde apewe nani? Je, wewe ungeamua vipi?